Bwana Nyuki Alituita

Bwana Nyuki hakula asali. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtaa wetu wa Unyambwa ulilijua kumhusu, na lilitutosha kumwona mtu wa ajabu hata kabla hajaanza mambo yake ya maua. Mtu amefanya kazi ya nyuki serikalini tangu ujana mpaka kustaafu, huko kwenye misitu ya Itigi na Manyoni, halafu ukimtilia asali kwenye uji anasogeza kikombe pembeni kwa adabu kama mtu aliyewekewa dawa. "Nimewaibia wale wadudu miaka yote," alisema, "sasa nimestaafu na wizi."

Tulimwita Bwana Nyuki kama wengine wanavyoitwa Bwana Shamba, kwa kazi yake. Jina lake nalijua lakini sikuwahi kulitumia, na leo sioni sababu ya kuanza. Mke wake alikuwa Mama Neema. Mimi wananiita Fundi. Cherehani yangu iko barazani, kando ya barabara ya vumbi inayopanda kuelekea kwenye yale mawe makubwa, na kwa miaka saba kila aliyepanda na kila aliyeshuka nilimwona. Ninaeleza habari za mzee huyu, za kuchekesha na za kuudhi, lakini ni vizuri ijulikane mapema kwa nini ninazieleza. Kuna siku aliniita, nikamsikia, na sikwenda.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa polepole wa mtu anayeukaribia mzinga. Hakufanya jambo lolote kwa ghafla. Akikaa, alikaa kwa awamu. Akinyoosha mkono kukusalimia, ulikuwa na muda wa kumaliza kushona mshono wako kabla haujafika. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ukitaka kumsikia ilibidi uache kukanyaga cherehani. Alivaa mashati ya mikono mirefu hata mwezi wa kumi, jua linapochoma mpaka kuku wanalala chini ya mikokoteni, na vifungo vyote alivifunga, cha shingoni na vya kwenye vifundo vya mikono. Mashati hayo aliniletea mimi.

"Bana hapa, Fundi," alisema akionyesha kifundo. "Nyuki asipite."

"Shikamoo, Mzee. Nyuki wako wapi huku kwetu?"

"Marahaba. Wewe bana tu."

Nikabana. Nadhani nilibana mashati yake yote aliyokuwa nayo.

Mtu huyu mpole alikuwa na ukali wake. Niliwahi kumwona akimfokea mtu mzima, mwenye ndevu, kwa sababu alivunja tawi lenye maua ili apigie mbuzi. Alijua kila mti wa mtaa huu unachanua lini, tangu mwarobaini wa msikitini mpaka mijohoro ya shuleni, lakini siku za kuzaliwa za watoto wake hakuzijua. Neema, binti yake anayeishi Mwanza, aliniambia jambo hilo akicheka kidogo tu. Ukimwuliza mzee kwamba Neema alizaliwa lini, alijibu, "Miombo ilikuwa imechanua. Sikuwepo." Ukimwuliza kuhusu mdogo wake Neema, alisema, "Huyo ni wa maua ya mninga. Sikuwepo vilevile." Mama Neema alikuwa akisikia majibu hayo anaangalia pembeni.

Basi huko kutokuwepo ndiko kulikoleta matembezi.

Kwetu mume na mke wenye umri wao hawatembei sambamba bila kazi. Mzee anatangulia na fimbo, mama anafuata na mzigo, kila mtu na hatua zake, na hakuna anayeona ubaya. Ukiwaona wawili wamevaa safi, wanakwenda bega kwa bega, hawana jembe wala kikapu, ujue ni kanisani, ni hospitali, au kuna msiba. Na kama si Jumapili, na hakuna anayechechemea, basi ni msiba.

Mwaka wa kwanza walipohamia, mwezi wa kumi, saa kumi alasiri, walipita mbele ya baraza langu. Mama Neema alivaa kitenge kipya na khanga mabegani. Bwana Nyuki alikuwa na kofia yake ya idara iliyopauka. Sambamba. Mama Yusta, mwenye genge la nyanya na vitunguu mkabala na kwangu, akavuka barabara upesi.

"Msiba wapi?"

"Sijui. Wametoka kwao, wanapanda."

"Kwa wale wa mawe, basi. Yule bibi alikuwa anaumwa."

Mama Yusta hakusubiri. Alifunga genge, akajitanda khanga, akachota unga kwenye bakuli, maana kwetu huendi msibani mikono mitupu. Na mimi nikafunika cherehani. Wanawake wengine walipotuona wakaungana nasi bila kuuliza, na wanaume wawili waliokuwa wanacheza bao wakainuka wakipangusa suruali. Tukapanda tukiwafuata kwa heshima, hatua kama ishirini nyuma, tumeshazitayarisha nyuso. Walipofika kwenye ile mijakaranda mitatu iliyo juu ya mawe, wakasimama. Tukasimama. Bwana Nyuki akageuka akatuona, watu kumi na kitu na mabakuli ya unga, na mwanamke mmoja alikuwa tayari ameshika kichwa ameanza kulia.

Uso wake ulifurahi kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. "Karibuni," alisema. "Karibuni sana. Nanyi mmekuja kuona."

"Kuona nini, Mzee?" Mama Yusta akauliza. "Marehemu yuko wapi?"

"Marehemu gani?"

Akanyoosha mkono juu, polepole kama kawaida yake. Mijakaranda ilikuwa imechanua yote, haina jani hata moja, zambarau tupu, na chini ardhi nayo ilikuwa zambarau. Nyuki walikuwa wanavuma ndani ya matawi. Aliyekuwa analia akanyamaza, akajifuta, akauliza kama kweli hakuna aliyekufa. Tulishuka na unga wetu. Tulicheka mwezi mzima. Mtu akionekana kavaa vizuri siku ya kazi, tulimwuliza, "Msiba wapi, au ni wa maua?"

Mama Neema aliona aibu. Msimu uliofuata alianza kutoka na kidumu cha lita tano, cha njano, ili atakayewaona adhani wanakwenda kuteka maji. Bwana Nyuki hakukipenda kabisa kile kidumu. Walipita wananong'onezana, na kwa kuwa yeye hakuzoea kunong'ona nje ya msitu nilisikia kila neno.

"Tunakwenda kuona maua, mama. Hatutaki maji."

"Nitakibeba mimi. Wewe kimekuuma wapi?"

"Kinarudi kitupu kila siku. Watasema kisima kimekauka."

"Wacha waseme."

Na kweli tulisema. Maji hayako upande ule. Kila mtu aliijua siri ya kidumu, na kila mtu alimwamkia Mama Neema, "Shikamoo mama, pole na maji," naye akaitikia, "Marahaba, asante mwanangu," uso umekaza kama hakimu. Ilikuwa mizaha ya mapenzi. Ninajiambia hivyo.

Sababu ya matembezi alinieleza Mama Neema mwenyewe siku moja nilipokuwa nampima gauni. Mwanamke akisimama mikono imenyooshwa, umemzungushia futi kiunoni, hueleza mambo ambayo hakupanga kuyaeleza.

"Unatuona vichaa, Fundi."

"Hapana, mama."

"Unatuona. Sikiliza. Maua yakichanua ndipo asali inapotengenezwa. Kwa hiyo maua yakichanua, mume wangu yuko msituni. Kila mwaka. Mvua zikikaribia, miti inavaa, mimi niko Itigi kwenye nyumba ya idara na watoto, sina mtu. Nilizaa hivyo. Nikafiwa na mtoto hivyo, yeye akaja siku ya nne ananuka moshi wa kufukizia nyuki. Nilikuwa mjane kila mwaka, halafu mvua ikimwaga maua, naolewa tena."

Nilisahau kuandika kipimo. Ilibidi nimpime tena.

"Alipostaafu," akaendelea, "akaniuliza, sasa nikupe nini? Mwenyewe alifikiri nitasema ng'ombe. Nikamwambia, sitaki kitu. Msimu wa maua usiniache. Basi. Akasema, sitakuacha hata hatua moja. Ndiyo huku kuzunguka unakokuona."

Ndiyo maana alitembea sambamba naye. Hakuwa anajifunza mambo ya mjini kama Mama Yusta alivyodhani. Alikuwa ameahidi, na alikuwa mtu wa kufuata neno alilolitamka mpaka likuchoshe.

Ahadi hiyo ilimfanya akosane na watu wazima wenzake. Mwezi wa kumi na moja hapa kwetu kila jicho liko angani. Udongo umepasuka, ng'ombe wamebaki mifupa, mbegu ya alizeti iko kwenye debe inangoja. Msikitini wanaomba mvua, kanisani wanaomba mvua. Mwaka mmoja tulikutana wote pamoja uwanjani kwa dua, na baada ya dua wazee wakasimama wakisalimiana. Mmoja akasema, "Ingenyesha hata leo." Bwana Nyuki, kwa ile sauti yake ya chini, akasema, "Ingengoja siku tatu. Mikrismasi ya kule shuleni ndiyo kwanza inafungua maua."

Yule mzee aliyeanza alikuwa amepoteza ndama wawili wiki ile. Akamtazama, akatema mate pembeni, akaondoka. Watu walimnunia Bwana Nyuki mpaka mavuno, na kwa kweli alistahili. Nilimwambia, "Mzee, hili hukupaswa kulisema." Akasema, "Najua. Lakini mvua ikija yanaanguka, na mimi nina hesabu ya misimu niliyobakiwa nayo na yule mama." Nilidhani ni uzee unaongea.

Alikuwa na semi zake. "Ua halingoji mgeni." "Nyuki hana kesho." Hii ya pili aliirudia mno, hasa kwangu, kwa sababu mimi ni fundi na kila fundi anaishi kwa neno kesho. Mteja akija nguo haijaisha, kesho. Na Bwana Nyuki akiniita nikaone maua, kesho.

Maana aliita. Hapa ndipo ule upole wake ulipokwisha. Mtu ambaye mwaka mzima hukumsikia bila kumsogelea, mijakaranda ikichanua alisimama ukingoni mwa jiwe, akavua kofia, akaipunga, akapaza sauti mpaka mbuzi wanainua vichwa. "Njooni! Njooni muone!" Alituita kwa majina ya kazi zetu. "Fundi! Mama genge! Njooni!" Alikuwa na furaha isiyotaka kukaa peke yake. Nadhani baada ya kukaa miaka yote na maua bila mtu, aliona ni dhambi kuyaangalia mkiwa wawili tu.

Msimu ule wa kwanza tulikwenda mara mbili au tatu. Wa pili mara moja. Baadaye tukawa tunajibu tukiwa tumekaa. "Tumeyaona, Bwana Nyuki!" Ikawa wimbo wa mtaa. Yeye akiita "Njooni!" huku chini tunaitika "Tumeyaona!" na tunacheka, naye anacheka, anapunga kofia, anarudi kwa mke wake. Hakuna aliyekasirika. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na sisi tulimzoea mpaka sauti yake ikawa kama adhana kwa mtu asiyeswali. Unaisikia, unajua ni saa ngapi, unaendelea na shughuli zako.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi mwaka jana. Nilikuwa na sare za kamati ya harusi, zinachukuliwa Ijumaa asubuhi, na nilikuwa nimechelewa kwa kosa langu mwenyewe. Saa kumi walipita. Kidumu alikibeba Bwana Nyuki. Miaka yote ile hakuwahi kukigusa, na siku ile alikibeba yeye, na mkono mwingine alikuwa amemshika mke wake kiwiko. Na mimi niliona. Nilicheka. Nikasema, "Leo Bwana Nyuki ndiye anateka maji!"

Mama Neema akasimama kwenye baraza. "Fundi, kichwa kizito leo."

"Si mngepumzika, mama? Mngeenda kesho."

"Nilimwambia hivyo hivyo mimi," Bwana Nyuki akasema.

"Yataanguka," mama akasema. "Mmeona mawingu?" Akanipa mkono, mkono wake ulikuwa na jasho la baridi, nikaushika nikauachia, nikaendelea kupinda pindo. Wakapanda.

Haikupita nusu saa nikasikia. "Njooni!" Nikainua kichwa. Alikuwa ukingoni mwa jiwe, kofia mkononi. "Fundi! Njooni! Njooni!"

Nikainua mkono juu, futi ikining'inia shingoni, nikampungia. "Kesho, Bwana Nyuki!"

Mama Yusta naye akaitika kutoka gengeni, "Tumeyaona!" Wateja wake wakacheka. Bwana Nyuki akaita tena. Akaita tena. Mama Yusta akasema, "Leo yamechanua kweli, mzee kapagawa." Nikasema, "Ananikosesha kazi huyu." Na kwa kuwa kila akiita jicho langu lilikwenda juu na sindano ikaniponyoka mara mbili, niliinuka, nikageuza kiti na cherehani, nikaupa mlima mgongo. Nikakanyaga. Cherehani ya miguu ikikanyagwa kwa haraka ina kelele, husikii kitu. Nilipoacha, kulikuwa kimya. Nikafikiri amechoka.

Saa kumi na mbili kasoro, mtu aliyekuwa anashusha ng'ombe alikuja akikimbia, fimbo ameiacha huko. Akasema kuna mama amelala pale juu na mzee hataki kumwachia.

Tulimkuta Bwana Nyuki amekaa chini, kichwa cha mke wake kiko mapajani. Maua yalikuwa yamewaangukia wote wawili, na kidumu kilikuwa pembeni, nacho kina maua. Mkono wa Mama Neema ulikuwa umekamata mkono wa shati la mume wake, pale kwenye kifundo, pale nilipobana mimi. Tulimfungua vidole kimoja kimoja, na kifungo kikatoka. Simu mzee hakuwa nayo. Hakuwahi kutembea na simu kwenye maua, alisema inawakera nyuki. Mama Yusta, akili zimemruka, akamfokea, "Mzee, si ungeshuka! Si ungekimbia uje utwambie!"

Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Alisema nisimwache."

Tulimpakia mama kwenye bajaji. Mwili ulikuwa bado una joto. Hospitali walisema ni mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kwamba angewahi kuletwa, labda. Neno hilo labda nimelala nalo mwaka mzima.

Msibani hakukosekana mtu. Unga ulijaa mpaka ukawekwa kwenye magunia. Mama Yusta alileta bakuli lile lile, akakaa nalo mapajani bila kulitua, mpaka mtu akamnyang'anya. Hakuna aliyeuliza msiba wapi. Siku ya kuzika mvua ikanyesha, ya kwanza ya msimu, kubwa, na wazee wakasema ni baraka, marehemu amekwenda na mvua. Nilimtazama Bwana Nyuki. Aliinua uso, akaitazama ile mvua kama mtu anayemtazama mwizi wake amekuja kumpa pole.

Baada ya arobaini Neema akarudi Mwanza. Alitaka kumchukua baba yake, akakataa. Kabla ya kuondoka aliniletea mashati ya baba yake niyafanyie marekebisho, na ndani yake lilikuwamo lile, lisilo na kifungo. Mengine niliyatengeneza nikayarudisha kwa mkono wa mtu. Lile nilishindwa. Kifungo ni kazi ya dakika mbili. Lilikaa kwenye msumari barazani miezi yote ya mvua, miezi yote ya mavuno, mpaka vumbi likarudi. Kiti changu sikukirudisha kilivyokuwa. Wateja walishangaa kwa nini nashona nimetazama ukuta, gizani, nikasema jua linaniumiza macho.

Yeye hakupita tena. Mwaka huu mwezi wa kumi ulipofika, saa kumi zikawa zinapita barabara ikiwa tupu. Sikutazama juu, lakini harufu ilishuka na upepo, na petali chache zilikuja mpaka barazani kwangu. Wiki iliyopita nilishindwa. Nikachukua lile shati, nikashona kifungo, nikabana mkono vizuri, nikaenda kwake. Njiani nikajua kwamba shati ni kidumu changu.

Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda. Amekonda mpaka kola imemzidi shingo. Vifungo vya mikono vilikuwa wazi, mikono ya shati inapeperuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Kaa."

Nikampa shati. Akalipapasa mpaka akakifikia kile kifungo, kidole kikasimama hapo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yaliniishia, yakabaki mawili.

"Mzee, nilikusikia. Siku ile. Nilikusikia ukiita."

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja moshi uwatulize nyuki.

"Nilikuchukia mpaka mvua zilipokatika," alisema. "Wewe na yule wa genge. Halafu nikachoka. Ungejuaje? Nami nilikuwa sina neno jingine. Ulimi ulikuwa umeshazoea lile lile. Ningesema njooni amekufa, njooni anakufa. Nilitaka kusema. Mdomo ukasema njooni."

Kuku alipita katikati yetu. Akamtazama mpaka akapotea nyuma ya jiko.

"Alikuwa haoni tena," akaendelea. "Macho yapo lakini haoni. Ila kusikia alisikia. Alinisikia naita. Akaniuliza, wanakuja? Nami nikatazama chini, nikakuona umeinua mkono. Nikamwambia, ndiyo, Fundi ameinua mkono, wanakuja. Akatulia. Baadaye akauliza tena, wamefika wapi? Nikamwambia, wako karibu. Wanapanda. Akauliza mara nyingi, Fundi. Na kila mara nikamwambia mko karibu."

Yeye akalikunja shati, akaliweka mapajani.

"Yamechanua?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee. Sijatazama."

"Nenda ukaone. Mimi bila yule mama siwezi, niliahidi kwenda naye. Wewe nenda. Hukuwahi kuja."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuja mwaka ule wa kwanza, na bakuli la unga. Sikumwambia. Niliaga, nikapanda moja kwa moja, peke yangu, na njiani mtu wa bodaboda alipunguza mwendo akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia apite.

Yalikuwa yamechanua. Sina zaidi la kuyasifia. Nilikwenda kusimama ukingoni mwa jiwe, pale pale alipokuwa akisimama, nikatazama chini. Miaka yote nilidhani kule juu ni mbali. Nikaona genge la Mama Yusta, na nikaweza kutofautisha nyanya na vitunguu. Nikaona baraza langu, na kitambaa chekundu nilichokiacha chini ya sindano. Nikakiona kiti changu, kimekaa kama nilivyokigeuza siku ile, mgongo wake ukiwa umenielekea mimi.